Gemu za vita kwenye laptopu ya mtumba: nipige window gani?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Mwanza, nimepanga Nyegezi. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, hadi diski (hard disk) ya GB 500. Ina Windows 10 na inanikumbusha kila siku kwamba muda wake umeisha. Fundi mmoja mjini anasema atanipigia Windows 11 ndani ya saa moja. Rafiki yangu hosteli anasema niweke Linux, ni nyepesi, gemu zitapaa. Mimi ni mtu wa gemu za jeshi. Nacheza Call of Duty za zamani na Counter-Strike, ila ninazozitamani ni Warzone na Battlefield mpya. Nikipiga window mpya zitacheza? Halafu ripoti yangu ya field iko humo humo, naogopa isije ikapotea.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile gumu: Warzone na Battlefield 6 hazitacheza kwenye hiyo 840 G3. Uweke Windows 10, uweke 11, uweke Linux, jibu ni hilo hilo. Fundi na rafiki yako wamekupa ushauri wa window bila kukuuliza unacheza nini, na huko ndiko mambo yanakopinda. Mteja akiingia kwangu Kirumba akasema "nipigie window ya gemu", namuuliza jina la gemu kabla sijashika bisibisi. Ukishajua gemu, window inajichagua yenyewe.

Mfumo endeshi, yaani hiyo Windows au Linux, ni kondakta wa daladala. Anapanga abiria, anakusanya nauli, anagonga bodi gari liondoke. Kondakta mchangamfu atakufikisha mjini mapema, mvivu atakuweka Mkuyuni nusu saa akisubiri abiria wawili. Injini lakini ni ileile. Hiace haigeuki lori la kupandisha saruji Bugando kwa sababu umebadilisha kondakta. Rafiki yako anaposema Linux ni nyepesi yuko sahihi, maana inaacha RAM nyingi zaidi bila kazi. Anapoongeza kwamba gemu zitapaa, hapo amenogewa tu.

Injini ya picha kwenye mashine yako ni Intel HD Graphics 520. Imo ndani ya prosesa yenyewe na haina kumbukumbu yake, inaazima RAM. Ni kizazi cha mwaka 2015, na laptopu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini: barua, majedwali, mikutano ya video. Sasa tazama Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 10, 2025. Kiwango chake cha chini kabisa, kile cha kuingilia mlangoni tu, ni kadi ya GeForce RTX 2060 na RAM GB 16. Prosesa yako nzima, pamoja na hiyo HD 520 iliyomo ndani, imepangiwa wati 15. RTX 2060 ya kompyuta ya mezani peke yake imepangiwa wati 160. Hakuna mpangilio wa kubofya utakaoziba pengo hilo, na kadi ya kuchomeka ndani ya 840 G3 haipo.

Haya, tuseme mjomba amekutumia laptopu kali kutoka Dubai. Bado kuna geti, na kwenye geti ndipo window inapoanza kuwa na kauli. Gemu za kufyatuliana risasi mtandaoni zimeumizwa sana na hila. Kuna watu wananunua programu inayowaonyesha adui akiwa nyuma ya ukuta, au inayojishikia shabaha yenyewe, wao kazi yao kubonyeza tu. Wewe umejificha kwenye ngazi dakika mbili, umetulia, mtu anageuka moja kwa moja na kukupiga kichwani kupitia zege. Kampuni zikaweka walinzi. Activision wa Call of Duty wana Ricochet tangu 2021, EA wa Battlefield wana Javelin, Riot wana Vanguard kwenye Valorant. Walinzi hawa hawakai barazani. Wanaingia hadi kwenye kiini cha Windows, mahali ambapo antivirasi na draiva hufanyia kazi, wanaangalia kila kinachogusa kumbukumbu ya gemu.

Mwaka 2025 wakaongeza masharti. Battlefield 6 inadai Secure Boot iwe imewashwa. Call of Duty: Black Ops 7, iliyotoka Novemba mwaka huohuo, inadai Secure Boot pamoja na TPM 2.0. Secure Boot ni ukaguzi wa saini: mashine inapoamka, inakataa kuamshwa na programu isiyo na saini inayotambulika. TPM ni chipu ndogo inayotunza funguo na inayoweza kutoa ushahidi kwamba mashine hii iliamka bila kuchezewa. Hila za kisasa zinapenda kujipenyeza kabla Windows haijafumbua macho, na ndiyo sababu ya masharti hayo.

Linux inakwamia hapo. Tangu 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, imekuwa ikitoa kitu kinaitwa Proton kinachotafsiri gemu ya Windows iweze kuendeshwa na Linux, na kwa gemu za kucheza peke yako kinafanya maajabu. Lakini kiini cha Linux kiko wazi. Mwenye ujuzi anaweza kukichukua, akakibadilisha, akakijenga upya chumbani kwake. Kwa mlinzi wa aina ya Ricochet hiyo ni kama kulinda nyumba ambayo mpangaji anaweza kuhamisha kuta usiku. Kwa hiyo Warzone haipo Linux, Battlefield 6 haipo, Valorant haipo. Apex Legends ilikuwepo, wakaifungia Oktoba 31, 2024, wakitaja hila kuwa sababu. Mtu akikuahidi atakuwekea Warzone kwenye Linux, mpe maji ya kunywa umuage.

Sasa tuje kwa kinachochezeka, na ni kingi kuliko unavyodhani.

Counter-Strike 1.6 itateleza. Hiyo ilianza 1999 kama kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walioikarabati gemu ya Half-Life kwa mapenzi yao, Valve wakaichukua mwaka uliofuata. Ina toleo la Linux kabisa, haihitaji hata Proton. Counter-Strike: Source ya 2004 vilevile. Call of Duty ya kwanza ya 2003, ya pili ya 2005, na Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, upande wa hadithi zitakwenda vizuri kwenye HD 520, ziwe Windows au Linux kwa Proton. Insurgency ya 2014 ina toleo la Linux na inakuruhusu wewe na wenzako kupambana na maboti, yaani maadui wanaoendeshwa na kompyuta. Punguza michoro na utaifurahia. Ukitaka cha bure bila akaunti wala nini, AssaultCube ni ndogo kiasi cha kushangaza na inakubali mashine dhaifu kuliko yako.

Counter-Strike 2 ni kesi ya katikati. Ni ya bure, iko Linux rasmi, mlinzi wake hakufukuzi. Ila inataka RAM GB 8 kwa uchache na nafasi ya GB 85 kwenye diski. Kwenye HD 520 itawaka, utatembea, utapiga, lakini moshi ukitupwa na watu wanne wakaingia humo, picha zinaanza kuhesabika moja moja. Shusha hadi 1280 kwa 720, kila kitu kiwe chini kabisa. Mimi binafsi ningeicheza kwa mazoezi na maboti, mechi za ushindani ningeziacha, kwa sababu wenzako wanne watakutukana na watakuwa na haki.

Kuna kitu kimoja ambacho kitakusaidia kuliko window yoyote. Fungua uone RAM yako ya GB 8 ni kijiti kimoja au viwili. Mitumba mingi inakuja na kimoja. Kwa kuwa HD 520 inaazima RAM, kijiti kimoja ni njia moja ya barabara: prosesa na picha zinapishana humo humo. Ukiongeza kijiti cha pili cha GB 8, DDR4 ya laptopu, unafungua njia ya pili, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. Nimeona vijana wanapigiwa window mara tatu kwa mwezi wakitafuta kasi ambayo ilikuwa inasubiri kwenye tundu tupu la RAM.

Turudi kwenye window yenyewe. Ni kweli Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada Oktoba 14, 2025, siku nne baada ya Battlefield 6 kutoka. Haijafa, inawaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure kwa kila mtu. Microsoft wameacha dirisha la nyongeza kwa watu wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa masasisho ndani ya mipangilio, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Windows yako iwe toleo la 22H2 kwanza. Fundi wako hakukutajia hilo, na simlaumu, kwenye hilo hapati chochote.

Windows 11 rasmi inataka, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. 840 G3 nyingi zilitoka na TPM 1.2, na HP walitoa programu ya kuipandisha ifike 2.0, lakini prosesa ya kizazi cha sita haipandishwi na mtu. Fundi atakachofanya ni kutengeneza flashi kwa programu ya Rufus na kuruka ukaguzi. Itaingia. Itafanya kazi. Ila Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na toleo kubwa la mwaka likija utalazimika kurudia mchezo wa flashi. Kwa gemu unazoweza kucheza, haikuongezei kitu hata kimoja.

Na hiyo "saa moja" inanitia wasiwasi kidogo. Kupiga window safi, kuweka draiva na masasisho kwa intaneti yetu hii ni kazi ya mchana mzima. Wa saa moja mara nyingi ana nakala iliyopikwa tayari, yenye Office ndani na programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Programu hizo kabla ya kufanya kazi huomba uzime ulinzi wa Windows. Unaona kichekesho: unampigia fundi kwa sababu unaogopa usalama umeisha, yeye anaanza kwa kuuzima. Akaunti za Steam zinaibiwa hivyo hivyo. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba EliteBook za mtumba mara nyingi zina ufunguo wa Windows Pro umekaa ndani ya BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamka kabla ya Windows, tangu kiwandani. Ukipiga Windows 10 Pro safi kutoka tovuti ya Microsoft, inajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti. Watu wanalipia kudanganywa kitu ambacho tayari ni chao.

Ungeniuliza kwa gemu peke yake, ningesema Linux Mint 22 na tumemaliza. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, inahudumiwa hadi 2029, mtu aliyezoea Windows anaizoea ndani ya siku mbili. Lakini wewe ni mwanafunzi. Umeandika ripoti ya field, mwakani unaandika utafiti, na kama uko kwenye fani za jamii au biashara msimamizi wako atakuambia neno moja: SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Kuiweka kwenye Linux ni ugomvi ambao hutautaka wiki ya kukabidhi kazi. Kuna PSPP ya bure inayofanana nayo, ila utakaa na mwenzako wa kikundi mkilinganisha majedwali yasiyofanana sura hadi usiku. Word nayo: LibreOffice inafungua faili za Word, lakini ripoti yenye yaliyomo ya kujijaza yenyewe, namba za kurasa za Kirumi na majedwali yaliyolala inaweza kufunguka imevurugika. Kinachokufunga kwenye Windows, mdogo wangu, ni chuo.

Kwa hiyo weka zote mbili, kila moja kwenye diski yake. 840 G3 ina nafasi ya hadi diski ya kawaida, na pembeni yake ina tundu la SSD nyembamba ya M.2 yenye urefu wa milimita 80. Kwenye nyingi ninazofungua tundu hilo ni tupu. Nunua SSD ya M.2 ya GB 256, Mint ikae humo pamoja na gemu. Windows 10 yako iache ilipo, na ripoti yako iache ilipo, jiandikishe ile nyongeza ya mwaka, uwe unaingia huko siku ya SPSS. Usidhani SSD itaongeza idadi ya picha kwa sekunde. Itapunguza kusubiri: ramani inayofunguka dakika mbili kwenye hadi diski itafunguka kabla hujamaliza kunywa chai.

Kabla ya kupiga, chomoa hadi diski kabisa. Nakusisitizia hili kwa sababu nina kosa langu.

Siku hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, watu wanavuka kwa kivuko. Mwalimu mmoja akaja kutoka ng'ambo, Sengerema, na laptopu yenye diski mbili, zote za ukubwa unaokaribiana. Akaniambia vizuri kabisa: "Kila kitu changu kiko D, wewe futa C tu." Nikaitikia. Sasa, ukurasa wa kuchagua diski wakati wa kupiga Windows hauonyeshi C wala D. Unakuonyesha Disk 0 na Disk 1, na chini yake vipande vyenye namba. Kichwani mwangu C ikawa sifuri, D ikawa moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyohesabu. Nikabofya kufuta. Mashine ile ilikuwa imezipanga kinyume. Niligundua Windows ilipowaka na nikaiona ile ya zamani bado ipo, nzima, inanitazama. Kwa programu ya kuokoa mafaili niliokoa picha za familia kiasi, majina yote yamegeuka namba. Mitihani aliyotunga kwa miaka minne haikurudi. Sikumtoza hela, lakini hiyo haikumsaidia kitu, na ilibidi asubiri kivuko cha mwisho akiwa na laptopu safi kama sahani.

Tangu hapo diski ambayo haihusiki inakaa mezani, nje ya mashine. Kisichokuwemo hakifutiki.

Hata hivyo, ripoti yako usiiachie bahati ya diski moja. Ikopi kwenye flashi, nakala nyingine itume kwenye barua pepe yako mwenyewe, halafu, na hapa ndipo watu wanapopuuza, ifungue hiyo nakala kwenye kompyuta ya mtu mwingine na ushuke hadi ukurasa wa mwisho. Nimeona mtu amekopi njia ya mkato ya kwenye deski akidhani amekopi faili.

Kazi yenyewe iko hivi. Faili la Mint ni karibu GB 3. Lishushe kutoka tovuti yao, na ulinganishe ile namba ndefu ya uhakiki waliyoiweka pale, kwa sababu faili lililokatika njiani kwa mtandao kuyumba linakufanya uilaumu Linux bure. Lichome kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus. Kwenye Windows, kabla hujazima, andika msinfo32 kwenye kutafuta na usome mstari wa hali ya BIOS, kama ni UEFI (njia mpya ya kuamsha mashine) au Legacy (ya zamani). Ukikuta Legacy, niandikie kabla hujagusa BIOS, maana ukiugeuza huo mpangilio ovyo Windows ya zamani haitaamka. Ukikuta UEFI, zima ile kuwaka kwa haraka ya Windows, la sivyo Linux itazikuta faili zako zimefungwa, utazisoma tu bila kuziandika. Kisha zima mashine, fungua kifuniko cha chini, tenganisha betri, toa hadi diski, weka SSD, rudisha betri. Washa huku unagonga Esc, halafu F9, chagua flashi.

Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote. Usikimbilie kuiweka. Kaa nayo robo saa: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Vyote vikijibu, bofya kuiweka. Betri iwe imejaa hata kama umechomeka chaja. Umeme wetu unaujua, na diski iliyoandikwa nusu ni kazi ya kuanza upya. Ikimalizika, rudisha hadi diski. Ukitaka Windows, washa na F9, chagua.

Kuna kimoja kitakuchanganya siku ya kwanza ukirudi Windows: saa itakuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Mashine haijaharibika. Linux inahifadhi kwenye bodi saa ya dunia, Windows inaisoma hiyo hiyo kana kwamba ni saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Ndani ya Mint fungua tameno, lile dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, basi.

Joto. 840 G3 ni nyembamba na ina feni moja. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na wewe unaliona hilo kama gemu iliyoanza vizuri na kukwama baada ya dakika ishirini. Usichezee juu ya godoro. Vumbi la barabara za mitaani kwetu linajulikana, lakini kwa nyie mnaokaa karibu na maji kuna la ziada: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi. Usiku wanafuata mwanga, na dirisha likiwa wazi mwanga wenyewe ni skrini yako. Feni inawavuta. Mwaka juzi nilifungua laptopu ya kijana wa Capri Point nikakuta kati ya feni na mapezi ya kupoozea kuna kitu kama blanketi la kijivu. Nilidhani ni pamba ya kiwandani, hadi nilipokivuta kwa kibano nikaona mabawa. Ukiwa umeifungua kwa ajili ya SSD, safisha hapo na ubadilishe pesti ya joto, haijaguswa tangu Ulaya.

Kuhusu kucheza mtandaoni, seva za Valve zilizo upande wetu wa Afrika ziko Johannesburg. Risasi yako inatoka Nyegezi, inakwenda Dar es Salaam, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, inarudi na jibu njia hiyo hiyo. Kwa hotspoti ya simu ping, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, ya tarakimu tatu si ajabu, na hakuna window inayofupisha Bahari ya Hindi. Tena gemu inayotegemea seva ya mtu ni ya kuazima. Jeshi la Marekani lilikuwa na gemu yake, America's Army, ya bure, waliyoitoa 2002 kuvutia vijana wajiunge. Mei 2022 wakazima seva rasmi, na waliokuwa wameizoea miaka ishirini wakabaki na ikoni. Ndiyo maana bado naipenda 1.6: ruta moja isiyo hata na bando, laptopu sita za hosteli, mmoja anakuwa seva, ping inashuka hadi tarakimu moja na mtu aliyekupiga unamsikia akicheka chumba cha pili.

Mwisho ni hizo GB 85 za Counter-Strike 2, maana najua utaishusha hata baada ya maneno yangu yote. Usizinunulie bando lote. Tangu 2023 Steam inakubali kompyuta moja kuikopi gemu kutoka kwa nyingine iliyo kwenye Wi-Fi moja. Mtafute mwenzako aliye nayo tayari, wote muwe mmeingia kwenye Steam, yeye kwenye mipangilio yake ya kushusha aruhusu kuhamishia kwa wengine, halafu wewe bonyeza kuiweka. Itavuta kwake, intaneti itatumika kidogo tu kuhakiki. Kama yeye yuko nyuma kimasasisho, mwambie asasishe kwanza kwa bando lake la usiku, na umpelekee soda.